Fungu la Fizikia na Kemia

Kuiacha Kemia kulinigharimu kazi ya uuguzi na daftari moja la kurasa themanini. Daftari nililifidia: nilifungia karanga. Nimeyakumbuka hayo wiki hii, binti yangu aliponiwekea juu ya kaunta ya duka langu hapa Biharamulo fomu yake ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu.

Mimi nilisoma karibu na Rulenge, miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara. Asubuhi moshi wa kuni za kambini ulitufikia darasani, na malori ya chakula yalitutikisia madirisha. Mwalimu wetu wa Kemia alikwenda kambini kutunza stoo, kwenye mshahara mnono. Hatukumlaumu, tulimwonea wivu.

Ndipo fomu zikaja. Masomo saba yalikuwa ya lazima, na matokeo yalihesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Fizikia na Kemia yalikuwa ya hiari, ila ukichukua moja, unachukua yote mawili. Nikamfuata mwalimu wa taaluma.

“Shikamoo, mwalimu. Nichukue Fizikia tu, Kemia niiache?”

“Marahaba. Wewe sokoni fungu la nyanya unaligawa?”

“Muuzaji akitaka kuuza, tunagawa.”

“Mimi sina shida ya kuuza.”

Nikahesabu mara mbili. Saba ya lazima, saba ya kuhesabiwa. Ya nini kubeba mzigo wa ziada, tena usio na mwalimu? Nikayaacha yote mawili. Bibi, aliyenilipia ada kwa ndizi zake, hakupendezwa. Alitaka niwe muuguzi, apate wa kumchoma sindano bila kumfokea, na bila Kemia chuo cha uuguzi kisingenipokea.

Kila Jumamosi nilikuwa nikibadilishana karanga na mama mmoja mkimbizi wa Rwanda, yeye akinipa mahindi ya njano ya mgawo. Kihangaza changu na Kinyarwanda chake vilielewana, hasa kwenye kuvutana bei. Mahindi yake niliyapima mara mbili, mbele ya macho yake. Fomu zilipokwisha kupelekwa, nikalichana daftari la Kemia kufungia karanga. Yule mama akakunjua karatasi yake, akausoma mlinganyo wangu, akaniomba kalamu.

“Mwanangu, hapa oksijeni imepungua. Umehesabu upande mmoja tu.”

Kumbe kwao alifundisha Kemia miaka kumi na miwili.

“Mbona hukuniambia, mama?”

“Uliniuliza bei tu.”

Baadaye wakimbizi wakarudishwa kwao. Pale kambini sasa pana mihogo, na barabara imetulia hadi unasikia baiskeli ikija. Bibi alichomwa sindano na watoto wa watu mpaka mwisho, wakimfokea.

Shule ya binti yangu nayo haina mwalimu wa Kemia. “Mama, saba yanatosha,” ananiambia. Nimeirudia hesabu yake, na kosa silioni. Ni ileile yangu. Fomu inatakiwa Ijumaa. Hebu nishauri: wewe ungesaini, au ungezunguka kwanza ukawaulize majirani zamani walikuwa wakifanya kazi gani?