Mwano wa Mama

Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye tuta la bwawa. Ilijengwa juu kidogo, na ukisimama mlangoni unaona maji upande mmoja na mashamba ya mpunga upande wa pili, chini kabisa. Wageni kutoka Bariadi mjini walisifia mandhari. Mimi nilizaliwa nikaikuta hivyo, wala sikuwahi kujiuliza maji yote yale yanakaaje juu ya vichwa vya watu.

Bwawa lilichimbwa na serikali kwa katapila. Lilinywesha ng'ombe wa vijiji vingi, na miaka ya ukame hata wafugaji wa Kimali walileta mifugo yao. Lilikuwa na mlinzi mwenye mshahara. Kazi yake ilikuwa kufukuza mifugo isipande tuta, kung'oa miti ikiwa bado midogo na kujaza nyufa za kiangazi, maana udongo wa mbuga ukikauka hupasuka. Kisha zikaja habari za kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Tukaitwa mkutanoni tukaambiwa bwawa sasa ni letu, tulitunze wenyewe. Tulipiga makofi, kama kawaida yetu mtu akimaliza hotuba.

Miaka hiyo hiyo watu binafsi waliruhusiwa kununua mazao. Malori yakawa yanafika mpaka Ngulyati kutafuta pamba na mpunga. Waliouza vizuri walianza kung'oa nyasi za paa na kuweka mabati. Baba alinunua redio akawa analala nayo kitandani, na shangazi, dada yake, akamtania kwamba ameoa mke wa pili, tena mwenye maneno kuliko wa kwanza. Mpunga ulikuwa na soko, basi kila mtu akataka maji zaidi. Kamati ya kijiji ikakubaliana kuziba utoro, ile njia ya pembeni ambayo maji ya ziada hutokea bwawa likijaa. Waliuziba kwa magunia ya mchanga. Baba naye alibeba magunia, akarudi amechoka na amefurahi.

Lazima nieleze mwano, la sivyo utadhani waliokufa walikuwa wajinga. Mwano ni ukunga wetu Wasukuma, yowe la kuita msaada. Mmoja akiupiga, anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele, nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji. Miaka ile ya wizi wa ng'ombe ulikuwa na maana moja tu. Wanawake huacha shamba wakakimbilia nyumbani kwa watoto. Wanaume huchukua pinde wakakimbilia kivukoni, kule chini mtoni, kwa sababu mwizi hana pengine pa kuvushia ng'ombe. Mwanaume asiyetokea alitozwa mbuzi na kuchekwa mwaka mzima. Tulifundishwa vizuri sana. Ila ukunga wa bwawa hatukuwa nao, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba tunauhitaji.

Siku hiyo kwetu kulikuwa na jua. Mvua ilinyesha mbali, upande yanakotoka maji. Mama alikuwa uani anapepeta mtama, mimi naosha vyombo. Akaacha kupepeta.

"Tuta linatoka jasho," alisema.

Nilitazama. Mgongo wa tuta ulikuwa umelowa sehemu moja, na hapo palipolowa palianza kutoka maji ya rangi ya udongo, membamba, kama yanamiminwa kutoka kwenye birika. Kisha nyasi za pale zikateleza zote kwa pamoja. Chini, kwenye mpunga, wanawake walikuwa wameinama wanapalilia. Shangazi alikuwa miongoni mwao, na mgongoni amembeba mdogo wangu wa kiume ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza.

Mama akapiga mwano. Alikuwa na sauti, mama yangu. Kanisani alisikika juu ya kwaya nzima.

Wanawake waliinua vichwa, wakatupa majembe, wakapanda kwenda majumbani kwao. Hakuna aliyegeuka kutazama tuta. Walidhani ni wezi. Tuta nalo halikulipuka kama watu wanavyosimulia. Lilifunguka katikati, polepole, halafu haraka. Maji yalipofika kwenye mpunga hapakuwa na mtu hata mmoja. Shangazi aliingia uani anahema, akamshusha mtoto mgongoni akampa mama. Mama akamshika, akatazama yale mashamba yaliyokuwa yanapotea, akacheka kwa furaha. Nayakumbuka meno yake.

Baba alikuwa ng'ambo ya bonde, kwenye mwinuko, juu ya paa la jirani anapigilia mabati. Siku ile hapakuwa na mahali salama kuliko pale. Mke wa jirani ndiye aliyetusimulia baadaye. Alisema baba alisikia, akatulia kidogo na nyundo mkononi, kisha akasema, "Hiyo ni sauti ya mama watoto wangu. Ng'ombe wangu hao wanaondoka." Akashuka kwa kuruka, hakungoja ngazi, akanyakua upinde. Aliwatangulia wanaume wote.

Kivuko hakionekani kutoka kwetu, mto unakata kona. Wanaume walikuwa wamepangana kwenye mchanga mkavu na pinde zao, wakitazama njia ya ng'ombe, maji yalipowafikia kwa nyuma. Hayo tulielezwa na mmoja aliyechelewa.

Baba alipatikana kesho yake kwenye miiba, mbali na kivuko, uzi wa upinde ukiwa bado begani. Nilimwona. Sikulia, wala sikusikia uchungu. Niliona kiatu kimoja hakipo nikawaza kwamba mama atakiulizia.

Msibani watu walikuja na maneno yao. Kazi ya Mungu haina makosa. Maji yakimwagika hayazoleki. Hilo lilisemwa na mzee mmoja bila kujisikia anachosema, akaendelea kunywa uji. Sikumkasirikia. Wanawake walionusurika walimletea mama kuku, mmoja mmoja, wakipiga goti: "Asante, mayu," yaani mama. Karibu wote walikuwa wajane wa wale wa kivukoni. Mtu alitoa shukrani kwa mkono mmoja na kufuta machozi kwa mwingine, na mama alivipokea vyote, kuku na machozi.

Baadaye lilikuja gari la wakubwa. Waliuliza nani aliamua kuziba utoro. Tukasema kamati. Wakaomba kuonana na kamati, tukawaonyesha makaburi ya walio wengi. Waliondoka wakisema taarifa itapelekwa. Mashamba yalijaa mchanga, ng'ombe wakawa wanatembea nusu siku kutafuta maji, na mahali pa sato wa bwawa tukala dagaa wa Lamadi. Tulizoea. Mimi nilizoea haraka hata nikajiogopa.

Mama hakupaza sauti tena. Alizungumza, lakini akikutaka hakuiti. Anakuja mpaka ulipo anakugusa bega. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo na kufumba mdomo. Siku ya harusi yangu wanawake wote walipiga vigelegele, nami nikamtafuta kwa macho. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na kiganja kimetulia.

Nilirudi nyumbani na mtoto wangu wa kwanza, mdogo wangu akiwa ameshakuwa kijana, ana upinde wake na kelele zake. Asubuhi moja mimi na mama tulitoka na vibuyu kwenda kukamua. Miiba ya mlango wa zizi ilikuwa imesogezwa. Ng'ombe walikuwa bado wanaonekana, wote, wanateremka mbele ya wanaume watatu kuelekea mtoni. Hawakuwa mbali. Nilivuta pumzi nipige mwano.

Mama aliniziba mdomo kwa mkono. Alikaza hasa, mpaka meno yaliniuma.

"Mdogo wako amelala," alisema.

Tukasimama hivyo, yeye na mkono wake, mpaka ng'ombe wa mwisho akapotea kwenye kona. Kisha akaniachia, akaingia jikoni kuwasha moto.

Mdogo wangu alipoamka aliliona zizi. Alizunguka uani, alipiga teke kibuyu, aliuliza kama sisi ni mabubu. Mama alikuwa anakoroga uji.

"Mngepiga mwano tu!" alisema. "Ningewakuta pale pale kivukoni!"

"Najua," mama akasema. "Kaa unywe uji."