Mwanga Ulioniletea Machozi

Walioniumiza nawataja: mke wa mwanangu, na yule mganga wa sokoni aliyemjaza maneno. Ugonjwa wa tezi ya shingo ulikuwa umeyasukuma macho yangu nje, mekundu, makavu kama yametiwa mchanga. Kope hazikufunga vizuri hata nikilala. Mganga akasema hilo ni jicho baya, linadhuru watoto. Basi kila nikifika kwao Singe, mkwe anamfunika mjukuu wangu khanga usoni.

"Tema mate kwanza, mama, ndiyo umtazame."

Nilitema. Mimi, bibi yake wa damu, natema mate mlangoni kama mwenye husuda! Na kumpakata bado hakuniruhusu.

Babati yetu ilikuwa imeshafanywa makao makuu ya mkoa, ila mashine ya kutibu macho bado hatuna. Nikapanda basi hadi hospitali kubwa, mbali. Daktari, binti mdogo tu, akanieleza taratibu.

"Mama, mwanga wa mashine hii hautayarudisha macho ndani. Ila vitundu vya mafuta kwenye kope vimeziba, ndiyo maana machozi yanakauka upesi. Tutavizibua."

"Hutanichoma macho?"

"Macho tunayafunika. Tunapiga mashavuni."

"Piga, mwanangu. Kwa maneno nimeshapigwa sana."

Akacheka, akanipaka kitu cha baridi kama uji uliolala. Pa! Hata chini ya vifuniko niliona weupe, kama radi imeingia chumbani. Pa! Shavu likauma kama limerukiwa na mafuta ya maandazi.

Nilirudi tena na tena. Safari moja, narudi nyumbani, upepo wa dirishani ukanipiga, nikapepesa. Nikapepesa tena. Mchanga haupo! Nikamshika bega abiria wa pembeni: "Maji! Macho yangu yana maji!" Akadhani nimefiwa, akanipa pole.

Kwangu sikupita. Bodaboda, moja kwa moja Singe. Macho bado yalikuwa yametokeza, sidanganyi. Mkwe akaivuta khanga.

"Ugonjwa wangu una jina hospitali," nikamwambia, "na siyo jicho baya. Mlete mtoto."

Mwanangu, aliyenyamaza siku zote hizo, na yeye namtaja, safari hii akamchukua mtoto akaniwekea mapajani.

Mtoto akanikodolea, kisha akanitia kidole jichoni. Uwii! Machozi yakachuruzika mpaka kidevuni.

"Jamani, pole mama!" Mkwe akaruka amtoe.

"Mwache!" Nilikuwa nacheka mpaka nakohoa. "Mwache achokonoe!"