Pata Mbili za Mzee Eliufoo

Kiwanda cha sukari kilipopunguza wafanyakazi mwaka tisini na sita, Eliufoo Mlay alirudi nyumbani kwake Njoro na vitu viwili: barua ya kuachishwa kazi, na kisanduku cha bati chenye vyuma vya herufi, A mpaka Z. Miaka kumi na tisa alikuwa akigonga majina na namba kwenye zana za karakana ili zisitembee. Msimamizi wake, kwa huruma au kwa kusahau, hakukidai kile kisanduku.

Akina mama wa mtaani ndio waliomrudisha kazini. Sufuria zao zilizoazimwa kwa ajili ya harusi zilikuwa na tabia ya kwenda na zisirudi, basi wakampelekea azigonge majina. Eliufoo aligonga vizuri, ila ulimi wake na nyundo yake vilizaliwa siku moja. Jirani mmoja, bingwa wa kuazima na kusahau, alikuta sufuria yake imeandikwa HII NI YANGU KWELI. Alinuna wiki nzima.

Mkewe, Yuditha, alimwonya. "Baba Stella, utani wako utatufukuzia watu."

Badala ya kuwafukuza, ukawavuta. Katika harusi moja huko Mwika, Wilbert, mnunuzi wa kahawa ambaye soko huria lilikuwa limemnenepesha upesi, aliona zile sufuria akauliza fundi ni nani. Jumatatu yake alikuwa mlangoni kwa Eliufoo na fimbo ya gofu, ile fupi ya kusukumia mpira shimoni.

"Shikamoo, mzee. Hii tunaiita pata."

"Marahaba. Pata? Na ukikosa?"

Wilbert hakucheka. Alitaka jina lake ligongwe chini ya kile kichwa cha chuma, na rangi ya kiwandani ifutwe ipakwe nyekundu. Kisha akasogea karibu. "Evaristo mwenye duka la vipuri atakuletea yake, maana hawezi kuniona na kitu asikitake. Akija, mgongoni mwa fimbo yake mwandikie kitu cha kumwaibisha. Mimi hunijui."

Evaristo alikuja kesho yake. Alitaka jina na rangi ya bluu. Alipokwisha kueleza akachungulia dirishani, akanong'ona, "Nimesikia Wilbert alipita hapa. Yake mwandikie upuuzi wowote, mzee wangu. Lakini usinitaje."

Eliufoo alimwangalia kila mmoja, kwa siku yake, kwa uso wa mzee wa kanisa, akamwitikia.

"Kataa zote mbili," Yuditha alisema.

"Mama Stella, serikali imesema mteja aachiwe uhuru wake. Mimi ni nani nikatae?"

Alifanya kazi barazani, mchana kweupe, akipiga mluzi. Alichokoa rangi ya zamani kwa sindano na pamba iliyolowa thina, mpaka chuma kikabaki uchi. Akakibana kwenye jiliwa, katikati ya vipande viwili vya ngozi ya kiatu kisichubuke. Akabandika utepe wa gundi kuwa mstari, akaisimamisha herufi ya kwanza, akavuta pumzi. Herufi hupigwa nyundo moja tu. Ukirudia, inapata kivuli kama maandishi ya mlevi. Chini aligonga majina kama alivyoagizwa, safi, yamenyooka. Mgongoni aligonga kama alivyoagizwa pia.

Rangi alizidondosha ndani ya herufi kwa ncha ya njiti. Nyekundu ilikuwa rangi ya kucha ya binti yake Stella, ambaye aliitafuta siku tatu. Zilipokauka kidogo akapangusa juu kwa kitambaa, zikabaki ndani ya maandishi tu. Kisha Yuditha, aliyekuwa bado anagomba lakini mabega yanatikisika kwa kicheko, akavishona vichwa vyote ndani ya vifuko vya kitenge.

"Rangi inataka giza," Eliufoo alimwambia kila mmoja. "Usifungue mpaka Jumamosi, uwanjani, mtakapocheza."

Hakuna aliyebisha. Kila mmoja alikuwa ameshaanza kuucheka uso wa mwenzake.

Jumamosi Eliufoo alivaa koti la ibada, akasimama kwenye ua wa uwanja wa gofu pamoja na wabeba mifuko ya fimbo. Kwenye shimo la kwanza Evaristo alikata uzi wa kifuko chake. Wilbert alikuwa wa kwanza kusoma, tena kwa sauti: "NAKOSA TENA!" Alicheka mpaka akashika magoti. Evaristo, masikio yamemwiva, alipiga mpira, na mpira ukapita shimo kama vile linaudai deni.

"Imeandikwa!" wabeba mifuko walipiga kelele.

Wilbert alifungua yake huku bado anajifuta machozi. Safari hii alisoma Evaristo: "SHIMO LIKO WAPI!"

Kicheko cha Wilbert kilikatika. Wanaume wawili walitazamana, kisha kwa pamoja wakageukia ua. Wakaja kwa hatua ndefu, pata mkononi, na watu wote nyuma yao.

"Mzee," Wilbert alisema, "nani amekutuma uandike hivi?"

Eliufoo alivua kofia. Akaituliza sauti. "Walionituma wapo. Niwataje hapa hapa, mbele za watu?"

"Hapana!" wote wawili walijibu kwa mpigo.

Ndipo wakaelewana. Evaristo alianza kutabasamu, akajaribu kuuma mdomo, ikashindikana. Walirudi mchezoni wamekumbatiana mabega, na kwenye shimo la tano Evaristo aliuingiza mpira kutoka hatua kumi, akaibusu ile NAKOSA TENA mbele ya kila mtu.

Jumanne iliyofuata Wilbert alifika Njoro na pata yake. Yuditha alimkaribisha bakuli la mtori, akisubiri ugomvi.

"Nimekuja kulalamika," Wilbert alisema. "Shimo liko wapi ni swali. Alama ya kuuliza iko wapi?"

Kwenye kisanduku haikuwamo. Ilimchukua Eliufoo asubuhi nzima kuichonga kwa tupa kwenye kichwa cha msumari mnene, Wilbert akila bakuli la pili na kumsimamia.