Ruba Kwenye Pua ya Baba Mkwe

Niliondoka Mpanda kwa sababu ya mtoto. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, masika yasiyokatika. Dereva mmoja wa lori alileta habari mtaani kwetu Kawajense kwamba binti yangu Neema, aliyekuwa Usevya kwa bibi yake, mama mkwe wangu, anaharisha na hali chakula. Mume wangu alikuwa Tabora. Baba mkwe akasema, "Twende wote, mama Neema. Mimi siwezi kukaa hapa nasubiri."

Alfajiri tukapanda lori la mahindi. Kila liliposimama nilisimama na mimi, nikichungulia mbele. Kabla ya Kibaoni likazama kwenye tope mpaka ekseli. Dereva akazima injini, akawasha sigara. Sikuweza hata kumtazama. Tukashuka, tukakata porini kwa miguu.

Humo porini maji yalikuwa yamejaa katikati ya miti, mahali pengine yakifika kiunoni. Nikahisi kitu cha baridi nyuma ya goti, halafu kingine juu yake. Ruba. Mbele ya mkwe sikuthubutu kupandisha kitenge. Nikaendelea kutembea huku wananinyonya. Baba akaona ninavyochechemea. Akanipa mgongo, akanyoosha mkono nyuma na kifuko cha chumvi.

"Wapake pale walipong'ang'ania. Usivute kwa hasira."

Wakadondoka mmoja mmoja. Damu iliendelea kuchuruzika, lakini sikutaka kupumzika. Mbele kidogo kiu ikamshinda baba, akainama akanywa majini kwa mdomo. "Baba, maji hayo..." nilisema, kwa sauti ndogo ya mkwe. Hakusikia.

Usevya tulifika jua likizama. Neema alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani, lakini alinijua. Bibi yake alikuwa akimnywesha maji ya mchele kwa kijiko. Kesho yake Neema akaomba uji. Hapo ndipo moyo wangu ungetulia, ila baba akaanza kutokwa damu puani, upande mmoja, bila kukoma.

"Kuna kitu kinatembea humu ndani," alisema.

Mama mkwe akaleta beseni la maji baridi. "Inamisha pua hapo. Huyo ni ruba, akisikia maji atatoka mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Mikono yangu inatetemeka. Mkamate wewe."

Mimi, nimshike mkwe usoni! Ruba akachungulia, mweusi, akarudi. Akachungulia tena.

"Shika, mwanangu," baba akasema.

Nikamshika kichwa kwa mkono mmoja. Kwa mwingine nikambana yule ruba kwa kitambaa, nikashikilia mpaka akaachia. Baba akapumua kwa nguvu, akaketi chini, akacheka huku machozi yanamtoka.

Barabara ilipokauka tulirudi Mpanda, Neema kalala mapajani mwa babu yake njia nzima. Nimejifunza kwamba maji ya porini huchujwa kwa kitambaa na kuchemshwa kabla ya kunywewa. Na kwamba baba mkwe naye ana uso, wa moto kama wa mtu yeyote, na unaweza kuushika bila heshima kuvunjika.