Springi za Pikapu ya Kamba

Siku bampa la chuma na winchi la kuvutia magari vilipofungwa mbele ya pikapu, pua ya gari ilishuka kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Majirani walipita wakicheka. Mmoja alimuuliza Kamba kama siku hizi gari lake linasalimia wakubwa kwa kuinama. Kamba alitabasamu kwa adabu tu, kisha akachutama kuangalia nafasi iliyobaki kati ya tairi na bodi. Ngumi yake haikupita.

Jina hilo la Kamba alilipata kazini. Kila msimu wa mvua, mteremko wa udongo unaotoka kwenye machimbo ya mawe ulikuwa unanasa magari, na yeye ndiye aliyekuwa akiyavuta. Alikuwa na pikapu, kamba nene, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana mwenye maneno mengi na mikono yenye nguvu. Mvua za mwaka uliopita kamba ilikatika ikiwa imekazwa sana. Ndoana ya chuma iliruka, ikampiga shemeji chini ya goti. Hospitali walijaribu wanavyojua, mwishowe wakaukata mguu.

Tangu hapo shemeji alihamia kwao. Watoto walimwachia chumba, wakawa wanalala sebuleni. Mchana kutwa alikaa kitandani akisikiliza cherehani ya dada yake ikikimbia chumba cha pili. Yale maneno yake mengi yalikauka. Akiulizwa kama ameshiba, anasema ameshiba hata kabla hajagusa chakula.

Winchi lilikuwa wazo lake mwenyewe. Siku moja alimwambia Kamba, macho yakiwa ukutani, "Shemeji, kuna zile mashine za kuvuta kwa waya wa chuma. Mtu anakaa ndani ya gari, anabonyeza kitufe. Haitaki miguu."

Kamba aliondoka hapo na kifua kimemjaa. Alihangaika mpaka akalipata, limetumika lakini zima. Mkewe alipoliona alisimamisha cherehani.

"Hilo dude lina uzito wa ng'ombe," alisema. "Na kwenye kazi ile ndiko unataka kumrudisha mdogo wangu?"

"Atakaa ndani, mke wangu. Hatashuka."

Mkewe aliukata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Kabla ya mvua kuanza Kamba na shemeji walikwenda kulijaribu gari kwenye ule mteremko. Walikuwa wanashuka polepole. Gurudumu la mbele lilipoingia kwenye shimo ambalo zamani wasingelisikia hata kidogo, springi zilibonyea zote, chuma kikagonga chuma, na usukani ukamtoka Kamba mikononi. Pikapu ilielekea mtaroni. Aliidaka ikiwa imeshagusa ukingo. Injini ikazima. Shemeji alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili, midomo imemkauka.

"Tusimwambie dada," alisema baadaye.

Lakini dada aliuona udongo mlangoni upande wa mdogo wake. Usiku ule aliongea na watoto tu.

Kesho yake Kamba alikwenda na shemeji kwa fundi wa springi nyuma ya kituo cha mafuta, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima walimwita Mama Springi. Alimweleza shida yake, akaongeza, "Nimesikia unaweza kuweka vipande vya chuma juu ya springi, gari likanyanyuka. Niwekee hivyo niondoke."

Mama Springi aliingia chini ya gari, akakaa huko mpaka Kamba akaanza kuona aibu. Alipotoka alifuta mikono.

"Baba, nikikuwekea vipande, gari litasimama wima, na wewe utafurahi. Lakini springi ni zilezile zilizochoka. Ni kama kumvalisha mgonjwa viatu virefu." Akalipiga teke tairi la mbele. "Springi hizi zilitengenezwa kubeba injini peke yake. Wewe umeongeza bampa, winchi, na betri ya pili ya kuliendesha. Unahitaji springi nene zaidi, na shokapu za kuendana nazo, maana za zamani hazitaweza kuzituliza. Gari litarukaruka kama mbuzi. Na bushi zako, zile raba za kwenye viungo vya magurudumu, zimekwisha. Usukani haukukutoka kwa bahati mbaya."

Kamba aligeuka akamtazama shemeji. "Kwa hiyo ningeweza kumuua."

"Ungeweza kujiua na wewe pia," alisema Mama Springi, bila ukali. "Na ndani hukaa watu gani? Nataka kujua uzito wote wa kila siku."

Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi, magongo kando. "Mimi unipunguzie kidogo, Mama," alisema. "Mguu mmoja niliuacha."

Ilikuwa mara ya kwanza kutania tangu ajali. Hakuna aliyecheka. Mama Springi alimwangalia tu, akatikisa kichwa kukubali.

Springi zilichelewa kupatikana. Zilipofika, fundi alizifunga pamoja na shokapu na bushi mpya, akanyoosha magurudumu yaliyokuwa yanaangalia nje, akashusha na taa, maana pua iliyonyanyuka ilizifanya zimulike juu ya miti. Kamba alilipitisha gari kwenye lile shimo la mteremkoni, akarudi, akapita tena. Liliingia likatoka kama si kitu.

Mvua za kwanza zikaleta kazi. Gari dogo la mizigo lililobeba madawati ya shule lilikuwa limezama matairi ya nyuma kwenye ule mteremko. Kamba aliegesha juu, akazuia magurudumu kwa mawe, akaunganisha waya wa chuma, akautandikia blanketi zito ili ukikatika usiruke. Aliwafukuza watazamaji wote wasogee mbali. Kisha akaingia ndani, akampa shemeji kidude chenye kitufe.

"Haya, shemeji. Taratibu."

Shemeji alibonyeza. Waya ukanyooka. Pua ya pikapu ilishuka kidogo, ikasimama imara pale ilipotakiwa kusimama. Gari la madawati lilianza kutoka tope. Ndipo waya ulipolia, ule mlio mrefu wa chuma kinachokazwa, na shemeji akakiachia kitufe.

Winchi likanyamaza.

"Ni kawaida," alisema Kamba. "Unalia tu, haukatiki."

"Najua."

Alijaribu tena. Kidole kilifika juu ya kitufe, kikakaa hapo. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Huko chini dereva alipiga honi, na Kamba akatamani kushuka akamzabe kofi.

"Bonyeza wewe," shemeji alisema mwishowe.

Kamba alibonyeza. Gari likatoka. Dereva alishukuru sana, akawapungia mkono wote wawili.

Walikuwa karibu na nyumbani. "Springi ziko vizuri," alisema shemeji.

Mkewe Kamba alikuwa mlangoni. "Alifanya mwenyewe?" alimuuliza mumewe.

Kamba alikuwa ameshauandaa uongo, lakini shemeji alimtangulia. "Alifanya yeye. Mimi nimeshindwa, dada."

Kamba alidhani mkewe atafarijika. Hakufarijika. Alimshika mdogo wake bega, uso umemjaa huzuni, kana kwamba siku zote hizo alikuwa akiomba kimyakimya ashindwe na pia aweze.

Kwa siku kadhaa shemeji hakutoka chumbani, na Kamba alikwenda kazini peke yake. Kisha asubuhi moja alimkuta ameshakaa ndani ya pikapu, magongo ameyalaza nyuma ya kiti. Kamba aliwasha gari. Kuna siku alibonyeza kitufe mwanzo mpaka mwisho. Kuna siku alikirudisha kidude kabla waya haujakaza, akageukia dirishani. Kamba alikipokea, akabonyeza yeye. Jioni mkewe hutazama nyuso zao wanaposhuka garini, na kabla hawajavua viatu, anajua ilikuwa siku ipi.