Maana ya Tetemeko

Harufu ya sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, ikinipata sokoni, masikio yangu huwaka moto hata leo.

Siku ile wazazi walialikwa shuleni kutusikiliza tukijibu maswali. Maman alikuja moja kwa moja kutoka kuuza samaki, akakaa benchi la nyuma akiwa amejifunga vikwembe vyake viwili kiunoni, kimoja juu ya kingine, kama wamama wote wa kwetu. Mwalimu akaniita mbele.

"Tetemeko la ardhi ni nini?"

Nilikuwa nimelikariri jibu. Nikapaza sauti: "Ni mtikisiko wa ghafla wa ardhi, na hudumu kwa muda mfupi..."

Vioo vya madirisha vikaanza kulia. Ubao ukacheza ukutani. Darasa zima likakimbilia uwanjani, mwalimu akiwa wa kwanza, na Maman akasukumwa nje pamoja na wengine. Mimi miguu ilikataa. Ardhi ilipotulia walirudi, wakanikuta palepale, kaptula imelowa mpaka viatuni. Wakacheka.

Maman akapenya katikati yao, akafungua kikwembe cha juu, akanifunga kiunoni. Kilinuka sambaza. Wakacheka tena, na hapo ndipo nilipotamani ardhi itikisike mara ya pili.

Njiani nililia. "Maman, batanicheka siku zote."

"Si umesema mwenyewe inadumu muda mfupi?" akajibu. "Basi na aibu iko vilevile."

Nina mvi sasa. Muuzaji wa sambaza akiniuliza kwa heshima, "Papa, nikufungie ngapi?", najibu nikiangalia chini.