Gari Lisilokunywa Maji

Mchumba wangu alirudi kutoka vita vya Burma akichechemea kidogo, ana blanketi la jeshi begani na habari moja iliyokaribia kuninyima ndoa. Habari yenyewe ilikuwa ya gari moshi.

Aliitoa siku alipokuja na wazee wake kwetu Bungoma kuzungumza mahari. Chai ilikuwa imemiminwa, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimetega sikio, maana mambo hayo yalinihusu mimi kuliko wote waliokaa kwenye viti. Mzee mmoja akamwuliza India kukoje. Hapo mtu wangu akawaka! Alisema alilazwa hospitali ya Poona kwa ajili ya mguu, na alipopona akapandishwa gari la abiria kwenda Bombay. Injini iliyolivuta haikuwa na moto wala bomba la moshi. Juu ya paa lake kulikuwa na mikono ya chuma iliyogusa waya uliotandazwa juu ya reli mwanzo hadi mwisho, na umeme ulishuka kupitia mikono hiyo ukazungusha magurudumu. Liliteremka milima kwa kasi, bila kutetemeka. Likifika mwisho wa safari haligeuzwi, dereva anahamia tu kichwa cha upande wa pili. Na dereva mwenyewe amevaa shati jeupe!

Nilitaka kupiga vigelegele pale pale mlangoni. Shati jeupe, kwenye injini! Madereva niliowajua mimi walishuka weusi tititi kwa masizi.

"Na maji inakunywa wapi?" baba akauliza.

"Haikunywangi maji, baba."

Lo! Baba yangu alikuwa mpiga pampu wa stesheni. Tangu nizaliwe kazi yake ilikuwa kujaza lile tangi kubwa kando ya reli, na injini zilizopita kwenda Uganda zilisimama kunywa maji yake. Madereva walimpungia mkono wakimwita kwa jina lake. Kumwambia yeye kuna gari lisilokunywa maji ni kama kumwambia mkunga kuna watoto wanaoota shambani.

Aliweka kikombe chini. "Mtu ananidanganya juu ya gari, si kesho atanidanganya juu ya ng'ombe? Ati haikunywangi! Msichana yangu hatoki hapa."

Wazee wakashika fimbo zao wakaenda.

Kesho yake nilimvizia mchumba wangu kisimani, nikamsihi. "Punguza kidogo bana. Sema inakunywa, lakini kidogo tu."

"Nilichoona nimeona," akasema. "Matangi yao yamekauka, moja hata mti umeota ndani, hakuna mtu. Nikidanganya ndio nikuoe, si utakaa na mwongo?"

Nilimkasirikia mpaka nikamwaga maji yote niliyoteka. Halafu nikaona nimempenda zaidi ya jana, na hilo likanikasirisha upya.

Lakini mtaka cha mvunguni huinama, nami sikuwa mtu wa kukaa kitako nikilia. Nilimchokoza baba asubuhi na jioni. Nikimwekea uji, namwuliza kama anaogopa kuuliza watu wanaojua. Mwishowe akachoka nami. Akasema Wahindi ndio wenye Bombay, basi tutamwuliza mmoja, lakini si wa hapa Bungoma, maana wenye maduka wa hapa mimi nimeshawapanga la kusema. Tena atamchagua yeye mwenyewe.

Tulikwenda Kitale juu ya lori la magunia. Baba alipita duka hili na lile, akiwakataa wote, huyu anacheka sana, yule anatuita ndani upesi mno. Akamchagua bibi kizee aliyekaa barazani akichagua mawe kwenye mchele. Na akamwuliza kwa ujanja.

"Mama, huko kwenu, gari ya abiria inakunywa maji mara ngapi kutoka Bombay mpaka Poona?"

"Zamani nakunywa sana," bibi akasema bila kuinua macho. "Sasa hapana kunywa. Nakula umeme."

Nilimrukia karibu nimkumbatie! Kumbe marehemu mume wake alikuwa fundi kwenye karakana ya injini hizo hizo. Akatusimulia kila kitu. Kwamba ziliagizwa kwanza za aina tatu, moja moja, zikajaribiwa kwenye mlima wa kwenda Poona, na iliyoshinda ikaagiziwa dada zake. Kwamba enzi za moshi abiria walifunga madirisha joto likawaua, na bado alifika Poona sari imekuwa jivu.

"Sasa mimi nafika nyeupe hivi!" akasema, akajipiga paja, mchele ukamwagika. Tukauokota pamoja tukicheka. Nilikuwa nimeshaolewa moyoni, nimeshapanda gari lenyewe, nimevaa nyeupe.

Nilipomgeukia baba, hakuwa anacheka.

"Na wale watu ya maji?" akauliza polepole.

Bibi alifikiri, akasema hajui. Hakuwahi kuwaangalia.

Kurudi tulipanda lori lile lile, baba mbele yangu. Nilimtazama amekaa juu ya magunia, mikono yake ya pampu imelala magotini, na furaha yangu ikapata uzito. Alikuwa ameamini tangu siku ile ya chai, ndiyo maana alikasirika vile.

Jumapili akamwita mchumba wangu, peke yake. Mimi nikawa mahali pangu nyuma ya mlango.

"Nimeuliza, ni kweli," baba akasema. "Sasa niambie kitu moja tu. Wale wazee wa pampu walipelekwa wapi?"

Nilishika mlango kwa mikono miwili. Jibu nilikuwa nalijua, na mwenye jibu nilimjua hapunguzi neno.

Mchumba wangu akakohoa. "Wako, baba. Kila stesheni. Abiria wanashuka na kiu, na mzee wa pampu ndiye anawapa maji. Wanamheshimu kuliko dereva."

Baba alimtazama usoni.

"Hiyo sasa," akasema, "ndio uongo."

Akamshika mkono, na hakuuachia.

"Leta ng'ombe," akasema.